Keshokutwa Alivyonyooshwa

Mwinga Shutu atawaambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza wa Kwale kuifanya picha itembee. Hilo ni kweli, na ukweli wake unaishia hapo. Mengine anayoyasimulia akiwa amevaa suti yake ya Nairobi, mikono mfukoni, ni kama rangi aliyokuwa akiyapaka maduka ya Kombani: leo yang'aa, mvua ikipita unaliona bati. Kwa hiyo afadhali mlisikie jambo hili kutoka kwetu tuliokuwapo.

Ilikuwa miaka ile bendera mpya haijaanza kupauka. Mwinga alikuwa ametoka upande wa Kinango na brashi yake moja, akajifanya mchora mabango. Herufi hakuziweza. Alianza neno kwa herufi kubwa kama mlango, akifika mwisho ukuta umekwisha, basi zile za mwisho zinabanana pembeni kama mbuzi waliokimbia mvua. Lakini watu aliwaweza. Kwenye ukuta wa hoteli ya chai ya Mwanapili alichora mtu anayekunywa kikombe kikubwa kuliko kichwa chake, macho yamemtoka yakakitangulia kile kikombe kama pembe za konokono. Mwanapili aliona ametukanwa yeye na wateja wake, akataka ukuta upakwe chokaa siku hiyohiyo. Halafu akaona malori yanasimama, madereva wanashuka kucheka na wakishacheka wanaketi. Tangu hapo akawa anasema ile picha ni wazo lake.

Ufundi huo Mwinga hakuupata shuleni. Aliupata matangani. Kwao, mtu akifariki, mtani wake ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anasimama mbele ya waombolezaji na kumwigiza marehemu: alivyokuwa akitembea, alivyokohoa, alivyomnyima jirani jembe. Anamwigiza mpaka watu wacheke na machozi yao usoni, na wenye msiba wampe kitu ili akae chini. Mwinga alikuwa anaitwa kutoka mbali kwa kazi hiyo. Alikuwa na jicho lisilosamehe. Na hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alipomaliza kuigiza alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja, kama anayechagua wa kesho.

Huo ukuta wa Mwanapili ndio uliomleta Ngui. Ngui alikuwa kijana wa Kikamba aliyepelekwa Ulaya kusomea katuni za sinema, akarudi na miwani na soksi ndefu, na ofisi moja ya Nairobi ikamtuma pwani kutengeneza filamu ya kuwahimiza watu wajitolee kazi za maendeleo. Wakampa nyumba kule Diani, karibu na mchanga, aliyoiacha Mzungu mmoja aliyeona uhuru unakuja akaondoka na mbwa wake. Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Kijiji kizima kinachimba lambo la kukinga maji ya mvua, na mtu mmoja kila akiitwa anasema atakuja keshokutwa. Mtu huyo aliitwa Bwana Keshokutwa hata kabla hajapata uso. Kazi ya kumtafutia uso akapewa Mwinga.

Ahadi ilikuwa wazi. Kamati ya wilaya ikimpitisha Bwana Keshokutwa, Ngui ataondoka na Mwinga kwenda Nairobi, kwenye kazi ya kudumu ya kuchora. Isipompitisha, kila mtu arudi alikotoka. Siku ileile Mwinga aliacha kusalimia watu. Aliyetaka bango aliambiwa atafute mafundi wa kawaida. Ngazi yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, alimpa fundi mwenzake hadharani, kwa maneno mengi, kama bwana harusi anayegawa nguo za ujana. Kwa hiyo sote tulijua: akishindwa, itambidi arudi Kombani kuomba ngazi.

Na alianza kwa kushindwa. Mchoro wake wa kwanza aliujaza kila kitu alichokijua kuhusu wavivu wote wa Kinango mpaka Msambweni. Tumbo, masikio, meno yaliyopishana, kofia iliyotoboka, ndala moja, kikoi kinachoanguka, nzi watatu juu ya pua. Ngui aliutazama, akachukua wino mweusi akaujaza mchoro wote kutoka ukingo hadi ukingo, pakabaki kivuli kitupu.

"Huyu ni nani?" akamwuliza.

"Ni Keshokutwa."

"Huyu ni kichaka."

Akamweleza kwamba mtu wa kwenye shuka la sinema anapita haraka. Mtazamaji hana nafasi ya kumhesabia meno. Lazima amjue kwa kivuli peke yake, hata akiwa mbali, hata akiwa kisogo. Ukivuta kila kitu kipite kiasi, hujavuta kitu. Mwinga alinuna. Alinuna akila samaki wa Ngui, akanuna akinywa chai ya Ngui, akachora vichaka vingine vingi, kila kimoja na nzi wake, na kila kimoja Ngui akakitia wino. Mtu aliyekuwa akiwacheka wafu mbele ya watoto wao alikuwa hawezi kuvumilia kuchekwa na wino.

Mwishowe, kwa hasira, akaanza kujisifu. Akamwambia Ngui kwamba yeye amewahi kuwafanya watu wacheke kaburi likiwa wazi, na hakuhitaji wino. Akasimama ili amwonyeshe. Akamwigiza mtu aitwaye Tsuma, mtani wake wa kule kwao: mikono nyuma, mgongo umelala, miguu inatangulia, tumbo linafuata, na kichwa kinakuja baadaye kama mgeni asiyealikwa. Alitembea hivyo kutoka varandani hadi jikoni. Mpishi, Kibwana, mtu wa Mwabungo ambaye huwa anakwenda Kinango kununua mbuzi, alikuwa anapara samaki. Alitazama mara moja akaangusha kisu.

"Lo! Tsuma huyo," akasema. "Amekuja kufanya nini huku?"

Ngui alikuwa ameshachukua penseli. "Rudi," akamwambia Mwinga. "Tembea tena."

Baada ya hapo walifanya kazi, na hilo sitawanyima. Masikio yakaondoka, nzi wakaondoka, kofia ikatupwa. Walipoongeza kimoja walipunguza viwili. Walichoacha ni ule mwendo na vile vinavyouhitaji: miguu mirefu yenye nyayo kama makasia, tumbo la wastani lililokaa mbele, na shingo. Shingo ndiyo waliyoivuta. Katika kila karatasi ilirefuka kidogo, ikalala nyuma kidogo, mpaka kichwa kikawa kinaning'inia kule mwisho kama ndoo ya kisimani. Wakambandika ukutani akiwa kisogo, ubavu na uso, ili akigeuka tumbo lisibadilike ukubwa. Kisha wakamhamishia kwenye karatasi za plastiki zinazoonyesha kama kioo, tendo dogo moja kwa kila karatasi, na kila moja ikapigwa picha peke yake. Ngui ndiye aliyegundua kwamba mwili ukisimama kichwa kisisimame. Kiendelee mbele, kishangae, kirudi. Mwinga ndiye aliyesema mkono ushike kiuno kabla mtu hajaitwa kazini, kwa sababu mvivu wa kweli huanza kuumwa mapema. Kibwana alikuwa akiitwa atazame kivuli. Alipocheka waliendelea, aliponyamaza walifuta.

Ilipofika siku ya kamati kule Kwale, Chifu alicheka kuliko wote, halafu akageuka kuona nani mwingine anacheka. Waliobaki walikuwa wanamtazama yeye, wakisubiri kujua kama wacheke. Kwa ujasiri huo wakaamua kwamba picha ipelekwe Kinango kwanza. Ikionyeshwa bila fujo, wataipitisha.

Wakachagua Kinango kwa sababu ndiko kulikokuwa na lambo la kuchimba. Watu walikuwa wameitwa kwenye lambo hilo mara nyingi na walikuwa na udhuru mwingi. Maji yalikuwa yamekauka kabisa, na Tsuma mwenyewe alikuwa ameondoka na ng'ombe wake kwenda mbali kutafuta kisima, bila kuaga vizuri, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mwinga alijua hayo. Lakini hakuona haja ya kumngoja. Mtani haombi ruhusa kwa mtani, akamwambia Ngui, na ndivyo ilivyo. Ila alisahau kitu ambacho hata mtoto wa kule kwao angemkumbusha.

Mara baada ya magharibi gari la sinema likafika, shuka likatundikwa kwenye ukuta wa ghala sokoni. Watu walijaa. Bwana Keshokutwa akatokea, nyayo kwanza. Wakacheka. Tumbo likaja, wakacheka zaidi. Kichwa kilipowasili, soko zima likasema kwa sauti moja, "Tsuma!" Mwinga alikuwa amesimama kando ya mashine, kifua kimemjaa, akiwatazama mmoja mmoja.

Ndipo bibi mmoja aliyekuwa mbele akauliza ni nani anayemwigiza Tsuma. Akaambiwa ni Mwinga, mtani wake. Akauliza Tsuma yuko wapi. Akaambiwa alikwenda na ng'ombe, hajarudi. Bibi akaweka mikono kichwani.

Mtani hamwigizi mtu mbele ya umati akiwa hai. Mtu hai unamsema usoni naye anakusema, mnamalizana. Kumwigiza umati umeketi na mwenyewe hayupo kuna maana moja tu, na Kinango nzima ilikuwa inaijua. Kilio cha kwanza kilitoka kwa yule bibi, cha pili kwa wanawake waliokaa naye, kisha hakikuhesabika tena. Ngui, ambaye kwao vilio na vigelegele huenda havipishani sana, alidhani ni sifa. Akamwambia dereva aongeze sauti ya mashine. Kwa hiyo Kinango ikalia, na kwenye shuka marehemu akaendelea kushika kiuno.

Mbodze, mkewe Tsuma, alipita katikati ya watu akaja kusimama mbele ya Mwinga.

"Mume wangu amefia wapi?"

"Hajafa, shemeji. Hii ni kazi ya serikali."

"Serikali imemwua kwa kosa gani?"

Mwinga alieleza na kueleza. Kila alilolisema lilichukuliwa kuwa ni huruma ya mtani anayeficha. Asubuhi uwanja wa Tsuma ulikuwa umejaa. Walikuja na unga, wakaja na kuni, na wanaume wakaja na majembe, kwa kuwa ni desturi. Mnakumbuka lambo? Majembe yaleyale. Wale waliokuwa na migongo mibovu mwaka mzima walikuwa wamefika kabla ya jua, kumchimbia maiti ambaye hakuna aliyemwona.

Tsuma alitokea na ng'ombe wake wakati watu wanabishana kaburi likae wapi. Alikuja kama anavyokuja siku zote: miguu, tumbo, halafu yeye. Wengine walikimbia. Waliobaki hawakutaka kuwa wa kumwambia. Yeye akazungusha macho, akaona unga, akaona kuni, akauliza nani amefariki, na alipoona hakuna anayejibu akaanza kuwapa pole. Mbodze ndiye aliyemkata kauli, kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Alipoelewa hakukasirikia mwendo. Alimtaka Mwinga asimame. "Mtani," akasema, "nikitembea vibaya nitukane hapa usoni pangu nikujibu. Wewe mwenyewe una kichwa kama boga lililokaliwa, na mimi sijakitundika kwenye ghala. Lakini watu hawa wote, matanga haya, atayalisha nani?"

"Utayalisha wewe," Mwinga akasema. "Maiti ni wako."

Watu wakacheka, Tsuma naye akacheka, kwa sababu mtani alikuwa amejibu kama mtani. Lakini hakuna aliyeondoka. Watu waliokuja msibani na unga wao hawarudi na njaa ati kwa sababu maiti amechelewa. Tsuma akachinja mbuzi wa matanga yake, na yeye mwenyewe akala. Walipoulizwa kama, maadamu majembe yako hapo, waende wakachimbe lambo jioni, walisema leo haifai. Kuna msiba.

Basi kamati ikaketi tena. Mtu mwenye akili angeona jambo moja tu katika habari hii: kwamba Kinango nzima ilimtazama mtu wa wino kwenye shuka ikamwamini mpaka ikamlilia. Filamu ngapi zimepata hilo? Kamati iliona fujo. Chifu akasema Bwana Keshokutwa lazima arekebishwe, afanane na mtu lakini asifanane na mtu yeyote. Na kila mjumbe akajitafuta ndani ya ule mchoro, na kila mmoja, kwa bahati mbaya, akajiona. Mzee mmoja alisema tumbo si la heshima. Lake mwenyewe lilikuwa limelala juu ya meza. Bwana shamba Mwau, aliyetoka Ukambani kukaa kwenye mashamba mapya waliyogawiwa wageni, mtu mwenye shingo ya kutosha, alisema shingo ndefu inaweza kuwaumiza watu wa bara. Chifu hakuipenda mikono ya nyuma, akalisema hilo akiwa amesimama, mikono nyuma. Mwalimu wa kutoka Msambweni akaomba meno yawe sawa, kwa ajili ya watoto. Miguu mitupu ikasemwa inaaibisha jimbo, avae viatu. Wakafika kwenye mwendo. Wakakubaliana wote kwamba atembee tu, kama watu wanavyotembea.

Ngui alisema mara moja kwamba hapo hapatabaki mtu. Chifu akamwuliza kama anataka kusema kamati ni ya wajinga. Ngui akainama kuvuta soksi zake, na hakuinuka na neno lingine.

Nje alimweleza Mwinga hali ilivyo, bila kumficha. "Ukikataa, filamu inakufa hapa na mimi ninarudi peke yangu. Ukikubali tunakwenda wawili. Amua wewe, shingo ni yako."

Mwinga aliuliza kama huko Nairobi kuna nyumba. Akaambiwa ipo. Aliuliza kama watu wa Kombani watajua ni nani aliyebadilisha. Ngui akasema watu wa Kombani hawatajua hata kwamba kuna kilichobadilishwa. Hilo lilimwumiza, ilionekana. Alisimama kidogo anatazama barabara inayoshuka Kombani, ambako ngazi yake ilikuwa imeegemea ukuta wa mtu mwingine. Kisha akachukua raba.

Mimi simlaumu kwa kuuza. Kila mtu anauza, na anayesema hauzi hajapata mnunuzi. Ninamlaumu kwa kuuza bila kupatana. Wale walikuwa watu saba wenye haya saba. Ungewapa viatu, kwa shangwe. Ungewapa meno. Ungewapa tumbo baada ya kulililia sana, wakatoka wamevimba kwa ushindi, na ungebaki na shingo na mwendo, ambavyo ndivyo mali. Yeye alitoa shingo kwanza. Alipokwisha kuitoa hakuwa na sababu ya kung'ang'ania kingine, akafuta chote kwa mchana mmoja, pale pale varandani Diani walipokesha kumtafuta. Kibwana aliitwa atazame kivuli. Akatazama, akauliza huyu ni mgeni gani, akarudi jikoni.

Kamati ikampitisha Bwana Keshokutwa siku ileile aliyoletwa, kwa makofi.

Walipokuwa wanaondoka kwenda Nairobi walisimama Kombani kuionyesha filamu, maana Mwinga aliomba. Sanduku lake lilikuwa tayari ndani ya gari. Tukakaa. Bwana Keshokutwa akatokea kwenye shuka, viatu vimepigwa rangi, shingo ya kadiri, meno sawasawa, anatembea kama karani anayekwenda kuchukua mshahara. Wachimbaji wa lambo nyuma yake, ambao Ngui aliwachora kwa haraka, walikuwa na jasho, vumbi na sura za kukatisha tamaa. Watu walitazama kwa adabu kubwa. Mtoto mmoja alilala. Ilipokwisha, wengine walibaki wameketi wakisubiri ianze.

Mwanapili akamfuata Mwinga pale kwenye mashine.

"Shikamoo, mama," Mwinga akasema. Alikuwa ameanza tena kusalimia.

"Marahaba, mwanangu. Yule kijana ana mke?"

"Yupi?"

"Mwenye viatu. Mtulivu, hana papara, na anajibu vizuri akiitwa. Mtu kama yule ningempa binti yangu."

Mwinga akamweleza kwamba yule ndiye mvivu. Ndiye mtu mbaya, na filamu nzima imetengenezwa ili watu wasiwe kama yeye.

"Mvivu?" Mwanapili akalitazama shuka, ambalo dereva alikuwa analikunja. "Mbona anapendeza kuliko wale wanaochimba? Umemchora vizuri sana, baba. Umejifunza."

Ngui alikuwa ameshapanda, na dereva akapiga honi. Mwinga akasema asante, akapanda.